Mashua ya Faki na Neno Lililokwama

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mashua.

Imekaaje?

Imelala upande.

Basi nyie kaeni wima, maana kisa hiki huniudhi kila nikikisimulia, na leo sitaki kuudhika peke yangu.

Hapo kale palikuwa na fundi wa vitanda akiitwa Faki. Mkewe aliitwa Raya. Mama yake Raya, Bi Mize, alikaa nao, mwanamke wa kimo na mwili, Mungu alimjaalia. Binti yake mdogo, Time, aliolewa ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwa watu wa huko, mtoto wa kwanza hupokewa na bibi yake mzaa mama. Mikono ya bibi ndiyo ya kwanza kumgusa. Bi Mize hakutaka kitu kingine duniani ila hicho.

Kuzunguka hori kwa miguu ni matope na mikoko kutwa nzima. Faki akasema ataunda mashua, na akaiunda. Mbao nzuri, misumari imekaa, nyufa zimezibwa hazipitishi tone. Hapo sina neno naye.

Lakini kwao chombo kipya hujaribiwa na yule aliyeundiwa. Bi Mize akaja pwani na mkeka wake. Faki, kwa adabu zake, akamwambia akae apendapo. Na mtu mzima jua likimchoma hupenda wapi? Kivulini. Na kivuli cha tanga kiko wapi? Upande ule ule tanga linakoinamia likisukumwa na upepo. Bi Mize akatandika mkeka wake pale pale.

Wakatweka tanga. Upepo ukaja. Mashua ikalala, ikanywa maji, wakarudi wamerowa.

Jioni Raya akamwambia mumewe, "Mashua haina kasoro. Mwambie mama asogee upande wa pili."

"Mimi nimwambie mama mkwe asogee?" akasema Faki. "Nimekuwa nani?"

Raya akasema basi atamwambia mwenyewe. Faki akamkataza. Watu watasema amemtuma mke akamsimange mama yake kwa unene. Huko kwao mkwe huambiwa shikamoo, huambiwa karibu, huambiwa starehe mama. Sogea haimo.

Faki akasema mlingoti ni mrefu mno. Akaukata. Wakatweka tanga. Upepo ukaja. Mashua ikalala, ikanywa maji, wakarudi wamerowa.

Akasema tanga ni pana mno. Akalipunguza. Wakatweka. Upepo ukaja. Mashua ikalala, ikanywa maji, wakarudi wamerowa.

Akasema chombo ni chepesi. Akapakia mawe chini, mawe mazima ya kujengea. Wakatweka. Upepo ukaja. Ikawaje?

Ikalala, ikanywa maji, wakarudi wamerowa!

Eh, nyie mmeshajua. Paka wa pwani alijua. Faki mwenyewe alijua, ndilo linalonichoma. Mtu anaona bora aikatekate mashua yake kuliko kufungua mdomo.

Raya alipochoka akatumia akili. Alikuwa na kuku tembe mnene, amemfuga kwa ajili ya supu ya mzazi. Akampakia mashuani, akamfunga upande wa pili, upande wa juani, kamba akailegeza makusudi. Wakatweka tanga. Kuku akaanza kupapatika. Bi Mize akaona supu ya mwanawe inataka kuruka majini, akainuka na mkeka wake, akahamia kule, akamkumbatia kuku. Mashua ikasimama wima, ikaenda, ikageuka, ikarudi, hakuna aliyerowa ukucha.

Raya akangoja pwani kusikia mumewe atasema nini. Faki akashuka anatabasamu. Akasema, "Si nilikwambia? Ni yale mawe."

Raya alikwenda kutwanga, na jirani walisema siku ile kinu nusura kipasuke.

Basi asubuhi moja habari ikaja kwamba Time ameshikwa na uchungu. Bi Mize akafunga kibwebwe, wakakimbilia pwani. Raya akaleta kuku. Faki akamrudisha, akasema atamchafulia mashua, na mashua imeshatengenea. Raya akabaki ufukweni na kuku wake kwapani.

Bi Mize akakaa wapi? Kivulini.

Katikati ya hori upepo ukaja. Mashua ikalala. Faki akashusha tanga, akachota maji. Akatweka tena, ikalala tena. Akashusha, akachota. Mara ya tatu maji yakafika kwenye mkeka, na jua lilikuwa limeshapanda. Faki akakohoa. Akatazama chini.

"Mama, uniwie radhi. Nakuomba usogee upande huu."

Bi Mize akasogea. Mashua ikainuka, ikashika njia.

"Ni hilo tu?" akauliza Bi Mize.

"Ni hilo tu, mama."

"Na mlingoti ulioukata?"

Faki akainama kuchota maji.

"Mimi nilikaa pale nikidhani nakaa vizuri," akasema Bi Mize. "Mwanangu, mficha uchi hazai."

Walipogusa nchi kavu wakasikia mtoto analia. Alikuwa ameshazaliwa. Jirani ndiye aliyempokea. Bi Mize akasimama mlangoni, mikono yake mitupu, machozi yakamtoka, na Faki akatamani ardhi immeze. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kisha Bi Mize akaingia, akaketi, akampakata mjukuu wake. Akamtazama kwa muda mrefu. Faki alikuwa bado amesimama mlangoni kwa adabu, hajui aingie au atoke. Bi Mize akainua macho.

"Mkwe wangu, sogea. Unamzibia mtoto mwanga."

Faki akasogea.

Ngano yangu imefika pwani, tanga nimelishusha. Lililo jema bebeni mwende nalo, lililo baya niachieni nizibie nyufa. Na wewe uliyenikalia shukani tangu mwanzo, nami nakuonea haya, sogea niinuke.