Samaki Aliyemngoja Yoeli

Wapendwa, kabla hatujasimama kwa maombi, hebu twende kula kwanza. Msicheke, nimesema twende. Kuna mgahawa mmoja umejengwa juu ya nguzo, maji yanagonga chini ya meza, na harufu ya mkaa na tui la nazi inakupokea tangu langoni. Jioni moja ya Jumamosi familia moja iliketi pale: baba, mama, shangazi na binti. Kiti cha tano kilikuwa kitupu, kile chenye mto, ubavuni kwa baba.

Kiti kile kilikuwa cha Yoeli, kifungua mimba. Yoeli anaishi mji mkubwa, ana ofisi yenye kiyoyozi na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Ndiye aliyepiga simu katikati ya wiki akasema, "Mzee, weekend hii nakuja, nawatoa out. Mkale samaki mahali pa heshima." Hela akaitanguliza kwa simu. Hela haikuchelewa. Aliyechelewa ni yeye.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na mila yake. Siku ya karamu samaki huletwa mzima, na hakuna mkono unaomgusa mpaka mtoto wa kiume wa kwanza amtenge kichwa na kumwekea baba sahanini. Babu alifanyiwa hivyo, na baba yake babu alifanyiwa hivyo. Siku za kawaida, Yoeli akiwa hayupo, walikula dagaa na mchicha bila mila yoyote. Dagaa hawana itifaki. Lakini samaki mkubwa, no. Samaki mkubwa anamngoja mwenyewe.

Na huyu binti ni nani? Ni wa pili kuzaliwa. Ana digrii, tena ya daraja la juu, imelala kwenye bahasha juu ya kabati. Anaishi na wazazi. Baba ana kisukari, na binti ndiye anayempima asubuhi, ndiye anayemchoma sindano, ndiye anayemkata kucha za miguu taratibu asije akamtia kidonda. Akimsikia tu anavyokohoa alfajiri, anajua kama amelala au amekesha. Lakini uliza mtaani, "Yule dada anafanya kazi gani siku hizi?" Watakujibu, "Hana kazi yule, amekaa tu." Amekaa tu, sijui kwenye kiti gani, maana nyumbani kwao hajawahi kukalia kimoja robo saa.

Turudi mezani. Simu ya mama ikalia. Mama akasikiliza, uso ukanawiri. "Anasema yuko njiani. Ameshafika pale kwenye taa."

Baba akamgeukia binti. "Basi nichome, mama. Kaka yako akiingia tule, tusianze mambo ya sindano mbele yake."

Binti akasita. Sindano ile huchomwa mlo ukiwa unakuja. Ikishaingia mwilini inaanza kazi yake ya kushusha sukari, haijali mgeni yuko wapi. Usipokula, inakushusha na wewe.

"Baba, si tungoje tumwone kwanza?"

"Amesema yuko kwenye taa. Unamfanya kaka yako mwongo?"

Na hapo, wapendwa, ndipo kosa lilipotendeka, na ni kosa letu sote, la taifa zima: kuamini neno "niko njiani". Hivi nani hapa hajui maana yake? Mtu akikwambia yuko njiani, anatafuta soksi. Akikwambia amefika kwenye taa, ameipata moja. Binti alijua, sisi tunajua, hata baba alijua. Lakini aliyesema alikuwa Yoeli, na neno la Yoeli katika nyumba ile lilikuwa neno. Mama akakinga kwa kanga, binti akamchoma baba tumboni.

Samaki akaja. Chewa wa kupaka, amejaa sinia, tui linachemka mgongoni. Wali ukaja, kachumbari ikaja, na soda. Mhudumu akasema karibuni, akaenda zake. Hakuna aliyekaribia.

Wakangoja. Tui likaacha kuchemka, kisha likaganda utando. Meza ya jirani wakala, wakanawa, wakaondoka, wakaja wengine. Mama aliinuka kutazama langoni, akarudi, akainuka tena.

"Tulieni," alisema shangazi. "Mtu mkubwa hachelewi. Ni nyinyi mnaowahi."

Binti hakuwa na habari na lango. Alikuwa anatazama mikono ya baba. Kijiko alichokishika kilikuwa kinagongagonga ukingo wa sahani, ti-ti-ti, na hakuwa anakigonga yeye. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na upepo wa bahari ulikuwa unapuliza mpaka vitambaa vya meza vinapepea.

"Baba, kunywa soda. Mafunda mawili tu."

"Nifungue kinywa kabla ya mwanangu? Ndiyo adabu uliyosomea hiyo?"

"Mama, mwambie."

"Baba Yoeli, kunywa basi," alisema mama.

"Nimesema hapana." Akapiga meza kwa kiganja. Mzee yule hakuwa mtu wa kupiga meza.

Shangazi akaingia kati, hakumtazama baba, alimtazama binti. "Mwache kaka yangu apumue, we mtoto. Kutwa kumwamrisha kama chekechea. Ndiyo maana hata kazi hupati, mdomo."

Binti akachukua simu. Akampigia Yoeli, simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, nyuma yake kuna muziki na vicheko.

"Sister, niko na boss hapa, kuna ishu imeingia. Ila niko njiani. Nyie anzeni tu."

"Kaka, mwambie baba mwenyewe. Ameshachomwa sindano, na hataki..."

"Nakupigia." Ikakatika.

"Amesema tuanze," binti aliwaambia.

"Yoeli hawezi kusema hivyo," alisema baba, na ulimi ulikuwa mzito.

"Sasa umeanza kumsemea," alisema shangazi.

Halafu baba akayatazama maji, akamuuliza mama kama mbuzi wamefungwa. Familia ile haikuwa na mbuzi. Haijawahi kuwa na mbuzi. Mama akasimama ameshika kichwa, haendi wala haketi.

Binti akazunguka meza, akakikalia kile kiti chenye mto, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na baba. Akafungua soda, akaipeleka mdomoni mwake. Baba akageuza uso. Akamfuata upande wa pili, baba akafumba midomo. Mwanamume mzima anazama, mezani, mbele ya samaki mzima, na hataki kuokolewa na aliyepo.

Kisha akamtazama yule aliyeketi kwenye kile kiti. Akamtazama muda mrefu. Uso ukamfunguka.

"Yoeli," alisema. "Umefika."

Nawauliza, wapendwa, wewe ungejibu nini? Wewe unayeamka alfajiri kuchemsha maji ya kumwogesha, unayejua hata upande anaopenda kulalia. Dakika ile unaitwa kwa jina la yule ambaye yuko kwenye muziki. Ungejibuje?

Binti alisema, "Nimefika, baba. Kunywa."

Akanywa. Funda la kwanza, la pili, chupa nzima. Binti akatia mkono kwenye samaki, akamtenga kichwa, akakiweka sahanini kwa baba, mila ikatimia. Akachambua miiba, akamlisha wali na samaki kwa vidole vyake. Baba akala kama mtoto aliyetoka shule.

"Mwanangu," alisema huku anatafuna. "Nimeteseka hapa. Dada yako ana maneno sana. Lakini wewe umekuja."

"Ndiyo, baba," alisema binti. "Ana maneno sana."

Mama alijifunika uso kwa kanga. Shangazi aliangalia chumvi.

Jasho likakauka. Mikono ikatulia. Akili ikarudi polepole, na baba akamwona vizuri mtu aliyekuwa ubavuni pake.

"Yoeli yuko wapi?"

"Hakuja, baba. Ni mimi."

Baba akatazama samaki aliyekatwa kichwa. Akatazama vidole vya binti vyenye tui. Alielewa, na msiniambie hakuelewa. Najua mnachongoja hapo. Mnangoja alie, amkumbatie, aseme nisamehe mwanangu, kwaya iimbe. Baba alimpungia mkono mhudumu, akamwomba kitu cha kufungia chakula. Kisha akamwambia binti:

"Huu upande uliobaki mfungie Yoeli. Anaweza kuja na njaa."

Na binti akafunga.

Naona mnaguna. Gunieni kwenu, maana nyumba ile ni yetu. Kumwona yule mzee mjinga ni rahisi, ni bure kabisa. Lakini hebu nielezeni: mgeni rasmi alipochelewa juzi kwenye harambee, watoto wa kwaya walisimama juani muda gani? Tena walipokuwa wanayumba kwa njaa, tuliwaambia nini? Tuliwaambia watulie, yuko njiani. Akashuka kwenye gari, akakaa nusu saa, tukampa zawadi. Aliyewachotea watoto wale maji, nani alimpa hata asante?

Sisi tunapiga magoti na kufunga, tunaomba, "Mungu, tuletee mtu." Mtu analetwa. Anafagia hapa, anauguza pale, anamwogesha mama yako wakati wewe unatuma voice note. Na kwa kuwa hana kitambulisho shingoni, tunamfumbia midomo. Mungu anatunywesha kwa mkono wa aliye karibu, tukishapata nguvu tunamtumia shukrani aliye mbali. Halafu tunamgeukia aliyetunywesha, tunamwambia mfungie mwenzako.

Je, mmegundua kitu? Katika mfano huu wote, mwenye jina ni mmoja tu, naye ndiye ambaye hakuwepo. Hata wewe uliyemhurumia yule binti hukuuliza anaitwa nani.

Sasa tusimame. Lakini msifumbe macho bado, na msinitazame mimi. Mtazame aliyekushika mkono ngazini leo, aliyekukumbusha dawa, aliyeamka kabla yako ili wewe uje hapa umenyooshewa shati. Kama umemwacha nyumbani anapika, toa simu, nakuruhusu, ibadani humu humu. Usiseme "wewe", usiseme "dada", usiseme "mama fulani".

Mwite kwa jina lake. Maombi yataanza akishaitika.