Picha ya Kiti

Ukingoja mtoto atulie, utapiga picha ya kiti. Mmelisikia neno hili leo harusini, mkacheka, na sasa mnaniuliza limetoka wapi. Haya, sikilizeni. Siku lilipozaliwa hakuna aliyecheka.

Isihaka alimpenda binti yake Mwajabu kupita kiasi, ila alikuwa na ugonjwa wa picha. Kwake picha ni mtoto kukaa kitini, mikono magotini, mdomo umefungwa, poda imekolea. Mtoto akicheka, picha inafutwa. Akijikuna, inafutwa. "Imeharibika," anasema. Simu yake ilijaa mtoto mmoja aliyenuna, ambaye hata mama yake mzazi angempita njiani.

Kwenye mnada wa mifugo wa mwisho kabla ya Idi alimvalisha gauni jekundu, akaazima kiti cha plastiki kwa muuza chai. "Tulia! Nimesema tulia!" Jua lilikuwa kali, akainama aone kioo cha simu, akabonyeza. Alipoinua uso, Mwajabu hayupo.

Na mnada ulikuwa umefurika. Ng'ombe wanaswagwa kwenda lamboni kunywa maji, malori yanajaza mbuzi na kuondoka. Mtoto wa miaka mitatu atajulikana wapi?

Mimi nilikuwa nakaanga maandazi njia ya lamboni. Isihaka akanifikia jasho likimtiririka, akaninyooshea simu.

"Mama, umemwona huyu?"

"Baba, mimi naona kiti."

Akapekua nyingine. Nikamwambia ukweli: watoto wa poda na gauni jekundu nimewaona tele tangu asubuhi, wako yupi? Maskini! Alijishika kichwa, akaanza kuita jina la mwanawe kwa sauti ya kulia.

Hapo akaja dada yake Hidaya, anahema. "Kaka, ninayo yangu!"

Ilikuwa picha ya uani, ameipiga akiwa amechuchumaa, nusu ina ukungu. Mwajabu anatembea, kitumbo mbele, mikono ameifunga mgongoni.

Nikatupa mwiko. "Huyu! Kapita hapa sasa hivi, mikono nyuma hivyo hivyo. Nikamtania, shikamoo diwani! Kaelekea lamboni!"

Tulikimbia wote, na mwili wangu huu mnaouona. Mwajabu alikuwa amesimama kwenye matope, mikono mgongoni, anakagua mafahali wawili wanaosukumana. Kila wakisukumana wanamsogelea, naye hana habari. Isihaka alimnyakua, wakaangukia pembeni, na fahali mmoja akateleza akakanyaga pale pale alipokuwa amesimama mtoto. Isihaka alilia mbele za watu bila kuona haya, na mimi sikumcheka.

Siku ya Idi walinialika. Mwajabu alikuwa anakula tambi kwa mikono miwili, nyingine zimemganda kwenye nyusi. Isihaka alilala kifudifudi mkekani na kanzu yake mpya, uso kwa uso na bintiye, simu mkononi.

Mkewe akasema, "Baba Mwajabu, subiri basi nimfute mdomo, akae vizuri."

Hakugeuka hata kumtazama.

"Niache, mama Mwajabu. Ukingoja mtoto atulie, utapiga picha ya kiti."