Alhamisi za Kwenda Zahanati

Wapendwa, kulikuwa na baba mmoja aliyeishi na binti yake, wawili tu, na hawakusemezana. Wiki mbili baada ya kumzika mkewe, baba aliiuza cherehani ya marehemu. Binti alirudi kutoka sokoni akakuta pembe ile ya chumba iko tupu. Tangu siku hiyo anapika, anaweka chakula mezani, anaondoka. Baba anakula peke yake, akisikiliza nyayo za mwanawe uani. Mnaijua nyumba ya namna hiyo?

Kisha macho ya mzee yakaingia ukungu. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa nzima, kukatiza mashamba ya chai, na kila Alhamisi binti alilazimika kumwongoza. Alhamisi ya kwanza walikwenda kimya. Ya pili, binti alisema, "Jiwe hapo, baba." Maneno matatu! Mzee alikaa nayo moyoni wiki nzima.

Miezi ikapita. Siku moja wakipanda kilima, wote wakitazama mbele, mzee akajikuta amesema, "Ile cherehani sikuiuza kwa shida ya pesa. Kila nikiamka naiona, na mama yako hayupo. Nilishindwa, mwanangu."

Walipofika darajani, binti akasema, "Mimi nilikuwa nikiiona, naona kama bado yupo."

Wakaendelea kutembea. Hakuna aliyefuta machozi ya mwenzake, lakini hatua zao zilikwenda pamoja.

Alhamisi iliyofuata mvua ilinyesha, kwa hiyo binti hakungoja nje kama kawaida. Aliingia na baba yake. Muuguzi akashangaa: "Mzee, umerudi tena? Si tulikuambia tangu mwezi uliopita kwamba macho yamepona?"

Mzee akainamisha kichwa kama mtoto. Binti akamtazama kwa muda mrefu. Akamshika mkono, wakatoka. Huko nje akauliza, "Alhamisi ijayo tutoke saa ngapi, baba?"

Ndugu zangu, sisi tukikosana tunaitisha vikao. Tunakaa tukikodoleana macho, kila mmoja na hoja zake, tunainuka tukiwa wabaya zaidi. Ni nani nyumbani kwako ambaye sauti yake umeikosa mpaka unaiota? Leo usimwite mkae mzungumze. Simama mlangoni pake, hata kama huna pa kwenda, umwambie neno moja tu: "Nisindikize."