Mshika Viatu Naye Yumo Pembeani

Mshika viatu naye yumo pembeani. Ndivyo alivyowajibu shangazi yenu Sikudhani jana arusini, mlipomvuta mkono aingie kwenye ngoma naye akataka kubaki kitini na mikoba yenu. Mkacheka, mkanong'onezana kwamba shangazi kazeeka, anasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Sasa mnakuja kuniuliza mimi maana yake. Haya, kaeni. Methali hii haikutoka kwa wahenga wa kale. Imezaliwa katika nyumba hii hii, na kuanza kwake kulikuwa hivi.

Babu yenu alipofariki, bibi yenu Mwanakombo alikaa eda hapa Tanga, katika chumba kile cha uani. Mimi ndimi niliyekuwa nikimpelekea maji na chakula, maana nilikuwa mkamwana wa nyumba hii. Eda ikaisha, akaoga, akavua nguo nyeupe, akavaa kanga mpya. Tukangoja acheke. Hakucheka. Akiulizwa anajibu, akipewa chakula anakula, lakini ukimtazama unaona kabisa kwamba yeye hayupo. Mama aliyekuwa akicheka mpaka jirani wa mtaa wa pili anauliza kuna nini!

Shangazi yenu Sikudhani na baba yenu Hatibu walihangaika mno. Sikudhani alikuwa haupati usingizi. Aliniambia, "Wifi, nimemzika baba, sasa namwona mama naye anakwenda taratibu nikimtazama." Basi wakakubaliana wamtoe mama siku moja, wampeleke mahali, roho yake itanuke.

Siku ya kupanga tulikaa hapa hapa sebuleni. Hatibu akataja ufukweni. Bibi yenu akatikisa kichwa. Sikudhani akataja Amboni, wakatembee tu na kupunga upepo. Akakataa. Kisha mwenyewe akasema, "Nipelekeni kule kwenye pembea."

Tukatazamana. Nje ya mji kulikuwa kumefunguliwa kiwanja cha michezo, chenye gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, vikombe vya kuzunguka na treni ya watoto.

"Mama, utapanda pembea?" Hatibu akauliza.

"Sipandi."

"Basi twende kwingine."

"Hapana. Huko huko."

"Sasa huko tutakwenda kufanya nini?"

"Kwenye pembea watu hufanya nini?" akajibu, akainuka kwenda kusali.

Jamani, hapo palikuwa na kazi! Mtu hapandi, lakini hataki kwenda pasipo na pa kupanda. Sikudhani akasema mama anatamani sana, ila anaona haya watu wasije wakasema mjane ametoka eda jana, leo yuko juu anarushwa. Hatibu akasema si haya, ni kizunguzungu, apandishwe ile treni ya watoto isiyokwenda mbio. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilidhani mkwe wangu amechanganyikiwa kwa majonzi, lakini neno kama hilo mkamwana halisemi.

Jambo moja tu walikubaliana. Nyinyi mnajua desturi yetu: mfiwa haachwi peke yake. Mtu akifiwa, majirani hulala naye, huketi naye, hata kama hawana la kumwambia. Eda ilikuwa imekwisha, ndiyo, lakini huzuni haikuwa imekwisha, kwa hiyo wakaona desturi iendelee. Mmoja akipanda, mwingine abaki na mama. Wakaahidiana wasimwambie, asije akajiona mzigo.

Mimi sikwenda. Nilikuwa nimejifungua, wewe Mwanamvua ulikuwa kichanga. Lakini waliporudi, kila mmoja alinisimulia kwa upande wake, na ndiyo maana leo naijua safari ile kuliko wao walioiendea.

Walipofika, bibi yenu akachagua benchi lililoelekea gurudumu. Akakaa, akatandaza upande wa kanga mapajani, akasema, "Leteni viatu." Maana pembea za kule ni za viti vya kuning'inia, ukipanda na ndala zinaanguka. Hatibu akampa viatu vyake, akapanda. Sikudhani akakaa na mama.

"Na wewe?" bibi yenu akamwuliza.

"Mimi nitapanda baadaye, mama."

Hatibu akashuka. Wakakutana na dada yake penye mlango wa gurudumu, wakanong'onezana neno moja, Sikudhani akapanda, Hatibu akaja kukaa. Kisha wakabadilishana tena. Wakaenda kwenye vikombe, ikawa vile vile. Wakamnunulia mama maji ya ukwaju, akayaweka chini bila kuyaonja. Hatibu akamshika mkono ampeleke kwenye treni, akauchomoa mkono. Uso ukazidi kumsawijika. Wenyewe wakaona labda jua ni kali, wakahamisha benchi kivulini. Wakaona labda ana njaa, wakafungua sambusa nilizowafungia. Hakugusa. Kila walichofanya kumfurahisha kikawa kama kinamwongezea, wala hawakujua wamekosea wapi.

Mara akainuka. Akavipanga viatu vyao chini, jozi moja huku, jozi nyingine kule, mbalimbali.

"Nirudisheni nyumbani."

"Mama, unaumwa?" Sikudhani akauliza.

"Mmegombana lini?"

"Nani?"

"Nyinyi. Udongo wa kaburi la baba yenu haujakauka, mmeshagawana njia. Huyu akipanda, huyu anashuka. Mkikutana mlangoni mnanong'ona, kisha kila mtu na upande wake. Ni ile nyumba aliyoiacha? Semeni, kama ni nyumba nijue."

Baba yenu anasema hakujua acheke au alie.

"Mama, hatujagombana. Tunapokezana zamu kukaa nawe," akasema.

"Zamu? Mimi mgonjwa?"

"Ili usikae mpweke, mama," Sikudhani akasema, na machozi yalikuwa yameshamtoka. "Sisi tupande, wewe ukae hapa peke yako? Tutajisikiaje?"

Bibi yenu akaketi tena, pole pole.

"Sikukuu za Idi, mlipokuwa wadogo," akasema, "nani alikuwa akipanda nanyi?"

"Baba."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unatushikia viatu."

"Mlikuwa mkipita pale juu, mnanitafuta kwa macho, mnaita. Baba yenu naye anaita, mtu mzima hana haya. Wanawake wenzangu wakiniuliza mbona sipandi, nawaambia nimeshapanda, niko watatu kule juu." Akalitazama gurudumu. "Sasa mmoja kashuka, hapandi tena. Nilitaka nije nione kama hawa wawili waliobaki wangali wanakaa kiti kimoja. Hilo tu, wanangu. Sikutaka jingine."

Sikudhani akaziokota ndala zake pale chini, akaziweka mapajani mwa mama yake. Hatibu naye akaweka zake. Wakapanda wote wawili, wakajibana kwenye kiti kimoja, watu wazima wenye wake na waume, mpaka kiti kikalia.

Nanyi mnamjua shangazi yenu, kelele hakuanza jana. Gurudumu lilipofika juu aliogopa, akamkumbatia mdogo wake shingoni karibu amnyonge, akapiga ukelele, "Mama weee!" Na huku chini bibi yenu akaruka pale alipokaa, akavikumbatia viatu kifuani, akaita, "Lo! Shikeni! Shikeni!" kama vile yeye ndiye anayening'inia. Halafu akacheka. Alicheka kanga ikamwanguka kichwani, alicheka mpaka akashikilia benchi asidondoke. Wale wawili walikisikia kicheko kile huko juu. Hatibu ananiambia alilia, na upepo ukamkausha kabla hajafika chini, akashukuru.

Pembeni palikuwa na mwanamke mmoja aliyekuja na watoto wake. Alikuwa amemwona bibi yenu tangu walipofika, kakaa tu na viatu vya watu, na sasa anamwona anacheka peke yake. Akamwonea huruma.

"Bibi, wote wanapanda, mbona wewe hupandi? Njoo basi tupande mimi nawe, usikae mnyonge."

Bibi yenu akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akavipakata vizuri vile viatu, pea zote mbili pamoja.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Mshika viatu naye yumo pembeani."