Kasuku Aliyeogopa Tone

Palikuwa na mwenye nyumba mmoja Ngamiani, Bwana Shekalaghe, mkono wa birika kwa wapangaji, ila kwa kasuku wake hakuwa na la kumnyima. Alipotaka kusafiri, alimpelekea tundu Bi Kibibi, mpangaji wa chumba cha uani.

"Nitunzie. Akifa, unahama."

Kibibi alimkagua ndege, akaguna. "Tone moja likimdondokea usingizini, baba mwenye nyumba, hamalizi wiki."

Bwana, ambaye miaka yote alikuwa akimwambia Kibibi atege ndoo paa likivuja, alileta fundi siku hiyohiyo, mabati yakabadilishwa.

"Na mbu je?"

Dirisha likawekwa wavu.

"Halafu harufu ya choo humnyong'onyeza sana."

Choo kikazibuliwa.

Bwana alirudi safari mvua ikinyesha. Alikuta tundu limening'inizwa nje kwenye kamba ya nguo, kasuku ametanua mabawa, anaoga na kupiga mluzi.

"Umemweka ndege wangu mvuani?"

"Wa msituni huyu, baba. Mvua ndiyo raha yake."

"Na chumba nilichomtengenezea?"

"Humo nalala mimi," alisema Kibibi, "nisiye na manyoya."