Simu Iliyowekwa Ndege

Niazimeni masikio yenu. Mwishoni nitayarudisha, kila moja na swali ndani yake.

Katika nyumba ya Mzee Mwaseba kila mtu alijaliwa chake. Subilaga, binti mkubwa, alijaliwa sikio. Alikaa miaka kumi na tisa kwenye redio ya mawasiliano ya misheni, na ndiye aliyetunza daftari la ukoo. Gwakisa, mdogo wake, alijaliwa nguvu. Ujanani aliwahi kumwangusha fahali kwa kumkamata pembe. Atupele hakuzaliwa humo. Alikuwa mjane wa ndugu yao Lugano, na alijaliwa kushika neno: lililosemwa mbele yake mara moja halikumpotea. Lakini kwa mila ya kwao mkwe hamtazami baba mkwe wake, hamwiti, wala hamgusi. Miaka kumi na minne Atupele hakuwahi kuuona uso wa mzee.

Mzee alikuwa anarudi nyumbani kufa. Madaktari walisema moyo wake umechoka, naye akaomba afie kwake milimani. Wakapanda ndege ndogo. Subilaga alikaa nyuma ya rubani, kisha Gwakisa na abiria mmoja, Sinkala, mchimbaji wa dhahabu aliyenuka gongo. Mzee alikaa nyuma yao, na Atupele nyuma kabisa, khanga ameishusha usoni.

Kabla ya kuruka rubani alitangaza kwamba simu zote ziwekwe kwenye hali ya ndege. Mzee akatoa simu yake ya vitufe, akabonyeza na kubonyeza. Atupele akaisikia ikilia kama chiriku, kisha mzee akanong'ona, "Haya, nimeshaweka ya ndege." Akairudisha ndani ya koti, dawa zikamlaza.

Juu ya milima wakaingia katika wingu. Rubani alipouliza habari za kiwanja, spika ikajibu kwa mkwaruzo: tiki-tiki-tiki, dzzz. Sauti ya mtu wa kiwanjani ikazama humo. Rubani akasema redio imekufa, akanyoosha mkono aizime ashuke kwa macho. Subilaga akamshika kiwiko.

"Haijafa," alisema. "Redio hulia hivyo simu ikiwa karibu yake. Humu ndani kuna simu haijazimwa."

Sinkala aliposikia hayo alipagawa kwa hofu. Alifungua mkanda, akamrukia rubani na kumkaba koo kwa mikono miwili, akidai ashushwe sasa hivi. Ndege ikalala ubavu. Gwakisa akamvuta mabega. Sinkala akageuza kichwa na kumgonga nacho mdomoni. Gwakisa akatema meno mawili, akampitishia mkono shingoni. Sinkala akakidaka kwa meno kidole gumba cha Gwakisa na kukitafuna mpaka kikabaki kuning'inia kwenye ngozi. Damu ikamrukia Subilaga machoni. Gwakisa hakuachia. Aliupigiza uso wa Sinkala kwenye chuma cha kiti, akaupigiza tena, na tena, hadi mikono ile ikalegea shingoni mwa rubani. Wakaanguka wote wawili, wakamgandamiza Subilaga kitini.

Rubani akainyoosha ndege, akaanza kushuka kiwanjani, spika ikiwa bado inakwaruza. Subilaga akamwambia kila mtu atazame simu yake, lakini Atupele hakuitazama yake. Alikwisha kuelewa. Neno ni moja, ndege ni wawili: rubani alitaja wa chuma, mzee akaweka mlio wa yule wa manyoya.

"Baba," aliita, kwa mara ya kwanza maishani. Mzee hakuamka.

Akaondoa khanga usoni. Akatia mkono kifuani mwa baba mkwe wake, chini ya koti, akalisikia joto la ngozi yake. Akaitoa simu, akang'oa betri.

Mkwaruzo ukakatika. "Pandisha," sauti ya kiwanjani ilikuwa inapiga kelele. "Ng'ombe wako kiwanjani, pandisha!"

Rubani akavuta usukani. Gurudumu lilipasua nundu ya fahali, wakasikia mfupa ukivunjika, kisha ndege ikainuka. Walitua mzunguko wa pili, ng'ombe wakiwa wameswagwa.

Mzee aliishi siku tatu nyumbani kwake. Siku ya tatu alisema, "Mkuki wangu mpeni aliyenileta nyumbani," akageukia ukutani. Hakutaja jina. Na mkuki wa ukoo ni mmoja. Umepita mikono mitano, na kila mkono umeandikwa katika daftari la Subilaga.

Matangani mjomba mmoja alisema basi apewe rubani. Rubani alicheka, akaondoka na mkungu wa ndizi. Walipobaki watatu, hakuna aliyecheka.

"Dada," alisema Gwakisa, akiinua mkono usio na gumba, "sikio halitoki damu."

"Damu yako ilimwokoa rubani," alijibu Subilaga. "Redio ikiwa imezimwa, rubani mzima angetua juu ya ng'ombe."

Atupele aliongea akitazama chini. Wazee walikuwa wameshaanza kusema arudishwe kwao, kwa kuwa amemgusa asiyeguswa.

"Ninyi mlitoa mlichokuwa nacho," alisema. "Mimi nilitoa kile kilichoniweka katika nyumba hii."

Ukoo unakaa kesho asubuhi. Subilaga amefungua daftari; mstari wa sita ni mtupu, na katika daftari hilo jina likiandikwa halifutwi. Anajua kwamba akiandika jina lake, atakuwa amejipa mkuki kwa mkono wake mwenyewe. Ameshika kalamu, na wino haujagusa karatasi.

Je, ungekuwa wewe umeishika kalamu hiyo, ungeandika jina la nani?