Mamba Alivyoulisha Ugonjwa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa bwawa.
Lina nini?
Lina samaki.
Wa nani?
Aa, hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Sogeeni.

Bwawa lilikuwa la Mamba, kwa sababu Mamba alisema ni lake na hakuna aliyetaka kubishana na meno yale. Aliyefanya kazi ni Bi Nguchiro, mdogo hivi, mama wa watoto wengi. Yeye ndiye aliyepalilia kingo, yeye ndiye aliyelisha perege. Siku ya kuvua, Mamba alichagua kwanza. Akabeba wanene wote, kwacha, kwacha! Nguchiro akaambulia vidagaa.

Mwaka mmoja ukaja ugonjwa wa madoa. Perege wakaelea matumbo juu, pu, pu, pu! Wakabaki wachache, wamekonda, wana makovu ubavuni.

Mamba akasema, "Wachache, lakini watanifaa kwa chakula cha jioni."

Nguchiro akayatazama makovu. Hawa waliugua wakapona! Wakizaa, watoto wao huenda wakapona pia. Wakiliwa leo, bwawa limekwisha, na wanawe watakula nini? Akajitupa chini akalia, "Uwiii! Mzee wangu, usiwale! Huoni madoa? Meno yako mazuri yataoza yote!"

Mamba akafunga mdomo haraka, pa! "Watupe basi!"

"Nikiwatupa, ugonjwa utazurura. Nipe kile kidimbwi cha juu niufungie humo. Ila, mzee, ugonjwa ukishikwa na njaa hutoka kutafuta chakula. Nani ataulisha?"

Mamba akarudi nyuma hatua moja. "Unakula nini?"

"Mchwa. Na pumba kidogo."

Jamani, huyu mama! Mimi namsimulia kila mara na kila mara namvulia kofia.

Basi kila asubuhi Mamba akaja, buruu, buruu, na kikapu cha mchwa. Akasimama mbali, kwa woga.
"Ugonjwa umekula?"
"Umekula, mzee."
"Umeshiba?"
"Bado kidogo."
Kesho yake, buruu, buruu, na kikapu kingine.

Kule juu perege wenye makovu wakazaa. Ugonjwa ukaja tena, na Nguchiro hakuuzibia njia. Waliokufa wakafa. Waliopona akawatazama mmoja mmoja, akawabakiza wale waliokua upesi, maana samaki asiyekufa wala kunenepa atakula mchwa bure. Hao ndio akawaacha wazae. Wanawe walilia njaa huku samaki wakiruka mbele ya macho yao, naye akawaambia, "Hao ni wazazi, hawaliwi." Mnadhani ilikuwa kazi rahisi? Mimi ningekula mmoja. Ningekula wawili!

Chini, Mamba aliagiza perege wazuri, wanaong'aa. Ugonjwa ukaja, pu, pu, pu! Akaagiza wengine. Pu, pu, pu!

Ugonjwa ukaja kidimbwi cha juu. Kimya. Chubwi! Samaki wakaruka, wanene, wazima.

Mamba akasikia ile chubwi. Akapanda, buruu, buruu, akachungulia. Macho yakamtoka.

"Nguchiro! Huu ndio ugonjwa niliokuwa naulisha?"

"Ndiyo, mzee. Umepona."

"Mchwa wangu! Pumba zangu! Basi nawala wote sasa hivi!" Akaachama.

Nguchiro hakukimbia. "Kula, mzee. Vifaranga vya samaki hawa nimeshawagawia majirani, Korongo na Kenge, wafuge kwao. Wakivuna watanirudishia kikapu kimoja kimoja, na mbegu nitapata kwao. Wewe ukimaliza hawa, kesho utamwomba nani? Korongo uliyemng'ata mguu, au Kenge uliyemng'ata mkia?"

Mamba akawaza. Akatazama chini, bwawa lake linanuka. Akatazama juu, samaki wanaruka. Akaufunga mdomo taratibu.

"Na mimi nikitaka vifaranga?"

"Bei ni moja kwa wote, kikapu cha samaki ukivuna. Wewe mkubwa nakuongezea heshima kidogo: utaendelea kuleta mchwa."

Mamba akakubali, angefanyaje? Akapanga foleni nyuma ya Kenge, kikapu kichwani, kununua watoto wa samaki aliowalisha mwenyewe. Jioni hiyo kidimbwi kilikuwa na wazazi wa kutosha, na Bi Nguchiro akavua perege mmoja mkubwa, akawakaangia wanawe. Wakala mpaka wakalala wameshika miiba.

Fundisho, watoto: msiwadanganye wakubwa. Nguchiro alidanganya, na adhabu ikampata: mpaka leo ana samaki wengi hata hajui awapeleke wapi. Maskini! Nanyi mkiona samaki mwenye kovu, mleni upesi, msifikiri sana.

Hadithi yangu imevuliwa yote, wavu nimeanika. Anayetaka nyingine akachimbe bwawa lake.